Janga likiingia, wodi ya akili usiifunge, ibadilishe hivi

Naandika hii kwa manesi, madaktari, wafamasia na wakuu wa vitengo vya magonjwa ya akili, hasa wale walioko kwenye hospitali za kawaida zenye wodi moja tu ya akili kule mwisho wa jengo, maana ndo wodi inayosahaulika kwanza na kuchukuliwa kwanza. Janga likitangazwa kila mtu anakimbilia ICU na oksijeni, na ni sawa, watu wanakufa. Ila wiki mbili haziishi utasikia uongozi unauliza hii wodi ya akili ina vitanda vingapi, wagonjwa wenu si wanatembea na wanakula wenyewe, wapeni ruhusa waende nyumbani tulaze wagonjwa wa Korona, na kliniki nayo isimame mpaka hali itulie. Kabla hamjasema ndiyo, someni hapa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130, na 93% zikajibu kwamba huduma muhimu za afya ya akili zimevurugika au zimesimama. Na shirika hilohilo baadae likakadiria kwamba mwaka wa kwanza wa Korona peke yake wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 hivi. Yaani mlango ulifungwa wakati foleni inarefuka. Mgonjwa wa skizofrenia (anayesikia au kuamini visivyokuwepo) au wa baipola (anayepanda na kushuka kihisia kupita kiasi) tiba yake kubwa ni ile kuendelea, dawa leo, dawa kesho, sindano tarehe yake, sura ileile ya nesi anayemjua, sasa ukikata hapo katikati hujaahirisha matibabu, umeyaondoa, na atarudi kwako baada ya wiki chache akiwa ameletwa amefungwa kamba, wakati huo hata hujui ana virusi au hana.

Anza na orodha, barakoa baadae

Siku ya kwanza kaeni na mafaili ya kliniki mwandike majina ya watu ambao wakipotea mwezi mmoja mtawakuta pabaya. Wanaotumia klozapini (dawa ya skizofrenia iliyogomea dawa zingine), wanaotumia lithiamu (dawa ya baipola), wanaochomwa sindano ya mwezi (dawa ya akili inayokaa mwilini wiki kadhaa). Walioruhusiwa wodini juzijuzi, maana wiki za mwanzo baada ya kutoka ndo hatari ya kujiua inakuwa juu, na hilo linajulikana miaka mingi hata bila janga. Waliowahi kujaribu. Wajawazito na waliojifungua karibuni. Wanaoishi peke yao. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na yule anayewatunza. Na wanaotegemea pombe, hawa watu huwa hawawafikirii kabisa, ila ikitangazwa watu wakae ndani na pombe ikakatika ghafla kuna watakaoanza kutetemeka, kupata degedege na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaua.

Kila jina liwe na namba mbili za simu, dawa na dozi, tarehe ya sindano au kipimo kinachofuata, na maelezo ya nyumbani ambayo mtu mgeni anaweza kuyafuata akafika. Halafu gawa, nani inatosha kumpigia, nani lazima umuone kwa macho, nani lazima afuatwe alipo. Nawaambia hivi kwa uchungu kidogo, mimi nilikuja kugundua namba zetu nyingi ni za zamani, simu ilishauzwa, laini imekufa, ndugu aliyeandikwa ameshahama, na tulikuwa tumekaa na mafaili hayo miaka bila kuuliza. Kwa hiyo hata kama leo hakuna janga, mgonjwa akija kliniki muulize namba yake upya. Inachukua nusu dakika.

Orodha iwe na mwenyewe, mtu mmoja mwenye jina, na wa pili wa kumshikia akiumwa. Orodha ya kitengo kizima isiyokuwa na mwenyewe hakuna atakayeipitia.

Dawa, hapa msifanye haraka

Kishawishi cha kwanza ni kumpa kila mtu dawa za miezi mitatu asirudi. Kwa aliyetulia, ana ndugu, hana historia ya kutaka kujidhuru, mpe, ni jambo zuri. Kwa aliye kwenye hatari hapana. Lithiamu na amitriptilini (dawa ya sonona) zikimezwa nyingi zinaua, hazifai kukaa nyingi ndani ya nyumba ya mtu mwenye mawazo ya kujiua, mpe za wiki moja au mbili, ndugu ashike, na wewe upige simu katikati. Na kabla ya kuahidi miezi mitatu ongea na mfamasia wako, stoo ina nini, kwa sababu mipaka ikifungwa mizigo inachelewa na ukiwapa wengine nyingi wengine watakosa kabisa.

Sindano ya mwezi ndo kitu watu walikosea sana. Mtu akasema aah tuwabadilishe wote wameze vidonge ili wasije hospitali. Lakini huyu alianzishiwa sindano kwa sababu vidonge hamezi! Sindano ni dakika kumi, ifanyieni mahali pa wazi, barazani au chini ya hema, kwa miadi, mtu anakuja saa yake anachomwa anaulizwa maswali matatu manne anaondoka, hakuna benchi la kusubiri. Asipotokea siku hiyohiyo apigiwe, na siku inayofuata afuatwe. Aliyetulia kwenye paliperidoni (moja ya hizo sindano) ya kila mwezi kwa miezi minne au zaidi anaweza kuhamishiwa ile ya miezi mitatu kama mnayo. Ile olanzapini ya sindano inayotaka mgonjwa akae masaa matatu akiangaliwa inakuwa ngumu kwenye chumba kisicho na hewa, hapo fikirieni mbadala mapema na mgonjwa mwenyewe akiwepo kwenye maongezi.

Klozapini nitaikalia kidogo maana ndo inayotisha watu mpaka wanaikata, na kuikata ghafla ni hatari kubwa. Kawaida mgonjwa anapimwa damu kila mara kuangalia chembe nyeupe, kwa sababu kwa wachache dawa hii inazishusha mpaka mwili unashindwa kupambana na maambukizi. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba aliyetumia zaidi ya mwaka mmoja bila chembe zake kushuka anaweza kupimwa kila baada ya miezi mitatu badala ya kila mwezi wakati wa janga, na dawa apewe za muda huohuo kama ni salama kwake. Sio wote, hao tu. Anayeanza dawa anaendelea na ratiba yake ya kawaida, hakuna njia ya mkato.

Halafu sikilizeni hii, mgonjwa wa klozapini akipata homa au koo likimuuma usimwambie kaa nyumbani ni mafua au ni Korona tu. Apimwe picha nzima ya damu haraka, siku hiyo, kwa sababu huwezi kujua kwa macho kama ni virusi au ni chembe zimekwisha. Na hata ikiwa ni virusi, maambukizi yenyewe yanapandisha kiwango cha klozapini mwilini, utaona mtu analala sana, mate yanamtoka, anarukaruka misuli, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Hapo daktari anaweza kupunguza dozi mpaka nusu, mpaka homa iwe imeondoka siku tatu, kisha anapandisha taratibu. Akiacha zaidi ya masaa 48 kwa sababu yoyote asirudie dozi yake ya zamani, anaanza upya na 12.5 mg, hili ndugu nao waambiwe kwa maneno rahisi na liandikwe kwenye karatasi watakayokaa nayo.

Na sigara. Moshi wa sigara unalifanya ini liitoe klozapini haraka, sasa mvutaji akilazwa kwenye karantini akaacha ghafla kiwango cha dawa kinapanda sana ndani ya siku chache. Kumpa kibandiko cha nikotini kunamsaidia kutulia, ni vizuri mpeni, ila hakuzuii hilo, maana kinachofanya kazi kwenye ini ni moshi wenyewe. Kila mvutaji wa klozapini anayeingia wodini wakati wa janga awekewe alama kwenye faili. Mkipiga simu muulizeni pia kuhusu choo, watu waliokaa ndani hawatembei, na klozapini inafunga choo mpaka kuua mtu.

Lithiamu shida yake ni maji. Homa, kutapika, kuharisha, kutokunywa, vyote vinaifanya ijikusanye mwilini. Mwambie mgonjwa na ndugu yake kwamba akiumwa hivyo asisubiri, aje apimwe kiwango cha lithiamu na figo. Maumivu na homa atumie parasetamoli, sio ibuprofeni wala diklofenaki, hizo zinapandisha lithiamu. Dalili za sumu ni mikono kutetemeka sana, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito, kutapika. Mtu wa jirani ataona amelewa, kwa hiyo ndugu wajue.

Dawa za virusi nazo ziangalieni. Paxlovid, dawa ya kumeza ya Korona, ina kitu kinaitwa ritonavir ndani yake, na hiyo inapandisha dawa nyingi za akili, ikiwemo klozapini na kwetiapini, na kwa mtu wa karbamazepini (dawa ya kifafa na baipola) haitakiwi kabisa. Daktari wa wodi ya Korona hawezi kukumbuka hayo yote usiku wa manane, mwekeeni mfamasia wa kupigiwa.

Ndani ya wodi

Februari 2020 kwenye wodi ya akili iliyofungwa huko Cheongdo, Korea Kusini, zaidi ya wagonjwa 100 waliokuwa wamelazwa karibu wote waliambukizwa, na mtu wa kwanza kufa kwa Korona nchini humo alikuwa mmoja wao. Ukiangalia wodi zetu unaelewa kwa nini. Madirisha hayafunguki kwa sababu za usalama, mnalala wengi, mnakula meza moja, tiba yenyewe ni kukaa pamoja kwenye duara na kuongea, na kuna mgonjwa ambaye hawezi kukaa sehemu moja hata umwambie vipi kwa sababu ugonjwa unamtembeza.

Kwa hiyo hewa kwanza. Iteni fundi, madirisha yafunguke hata upana wa vidole vinne na yawekewe kizuizi imara yasifunguke zaidi, mtakuwa mmepata hewa bila kupoteza usalama. Yasipowezekana feni ya kutoa hewa nje. Vikundi msivifute, vitoeni nje uani, watu sita sita, viti viko mbali, muda mfupi. Chakula kwa zamu mbili au tatu. Nimeona wodi iliyofuta kila kitu, vikundi, mazoezi, redio, kutoka nje, wagonjwa wanashinda wameangalia ukuta, na ndani ya wiki mbili ugomvi na kufungwa mikono viliongezeka kuliko mwaka mzima uliopita. Mgonjwa aliyekosa cha kufanya siku nzima hawezi kutulia.

Sanitaiza ya wodi zingine inabandikwa ukutani kila mlango, kwenu hapana. Ni pombe, na kuna watakaoinywa. Kila mfanyakazi atembee na kichupa chake mfukoni, na wagonjwa wanawe kwa maji na sabuni wakisimamiwa, sabuni inatosha kabisa. Barakoa zenye waya wa puani na zenye kamba ndefu za kufunga zisipewe mgonjwa aliye kwenye uangalizi wa kutojidhuru, tafuteni za mpira wa masikioni zisizo na waya, mzigawe na kuzikusanya kwa hesabu. Mtungi wa oksijeni na mpira wake vivyo hivyo, haviachwi chumbani bila mtu, tena kuna wavutaji na viberiti.

Anayeingia mpya apokelewe sehemu yake, vyumba vichache upande mmoja vyenye choo chao, apimwe virusi, na akae hapo mpaka muda wa ugonjwa kujificha uishe au vipimo viridhishe. Kwa Korona ile ya mwanzo ilihesabiwa siku 14, janga lingine litakuwa na hesabu yake. Aliyepatikana na virusi awe upande wa pili na manesi wake wasiochanganya. Msipokuwa na nafasi ya pande tatu (wapya, wenye virusi, na wengine) basi hata mbili, na mkiwa na hospitali jirani yenye wodi ya akili ongeeni, mmoja apokee wenye virusi mwingine wasio navyo. Hii ilifanyika sehemu nyingi na ilisaidia.

Sasa jambo ambalo naliomba sana. Kumtenga mtu kwa sababu ya virusi na kumfungia kwenye chumba cha pekee kwa sababu ya fujo ni vitu viwili, msiviandike kwenye daftari moja wala kuvifanya kwa mtindo mmoja. Aliyetengwa kwa virusi hana kosa na hana fujo. Mlango ukiweza uwe wazi na mtu akae pembeni. Apewe simu, apewe kitu cha kufanya, atolewe nje wakati wengine hawapo, na aambiwe kila siku imebaki siku ngapi, sio akiuliza tu. Anayetoka toka mrudishe kwa maneno mara ishirini kabla hujafikiria dawa ya kumlaza, na dawa ya usingizi kwa mtu mwenye mapafu yanayoumwa inaweza kumzimisha pumzi, kwa hiyo ikilazimu ni dozi ndogo na nesi anakaa anahesabu pumzi na kuangalia oksijeni. Sheria nayo, kwenye nchi nyingi sheria inayoruhusu kumlaza mtu kwa ugonjwa wa akili sio ileile inayoruhusu kumtenga kwa ugonjwa wa kuambukiza, muulizeni mwanasheria wa hospitali mapema kabla hamjajikuta mnamshikilia mtu kinyume cha sheria.

Na jivike nafasi ya mgonjwa anayeamini kuna watu wanataka kumuua, halafu asubuhi wanaingia viumbe wamevaa gauni jeupe, miwani, uso hauonekani. Bandika picha yako kubwa unayotabasamu kifuani na jina lako. Simama mlangoni kwanza, sema jina lako kwa sauti aliyoizoea, mwambie kwa nini umevaa hivyo, ndo usogee. Nesi mmoja niliyefanya nae kazi alikuwa anavaa gauni lake mbele ya dirisha la chumba cha mgonjwa ili aone ni nani anaingia humo ndani ya nguo, nikaiga, sijaacha mpaka leo.

Mavazi ya kujikinga ya dharura yawekwe kwenye mifuko iliyo tayari, seti tano, karibu na kituo cha manesi, kwa ajili ya pale mgonjwa anapokuwa mkali. Fujo haikusubiri ufungue maboksi stoo. Fanyeni zoezi, mpime mnatumia dakika ngapi kuvaa, na mkubaliane nani anabaki anaongea na mgonjwa kwa umbali wakati wengine wanavaa, kwa sababu mara nyingi huyo anayeongea vizuri anamaliza kazi kabla hamjamgusa mtu.

Mwili wa mgonjwa wa akili

Hawa ni watu ambao hata kabla ya janga wanakufa mapema, Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa mazito ya akili wanaishi pungufu kwa miaka 10 mpaka 20, na sababu kubwa ni moyo, sukari, mapafu, vitu vinavyotibika. Virusi vikiwapata vinawapata kwenye mwili uliokwisha choka. Kwa hiyo joto na oksijeni mara mbili kwa siku kwa kila mgonjwa, sio kwa anayelalamika tu, maana wengine hawatalalamika au watalalamika kwa lugha ambayo utaiita ugonjwa wa akili. Anayesema kuna mtu amemkalia kifuani, mpime oksijeni kwanza! Ghafla amechanganyikiwa, hajui leo ni lini, jana alikuwa anajua, huyo ana kitu mwilini mpaka ithibitike vingine, na kwa wazee hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa hata kabla ya kikohozi.

Mashine ya kidoleni inayopima oksijeni ni ndogo na inasaidia sana, ila mjue kwamba kwa ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mtu anahema haraka na mashine inasema 95, amini kuhema. Ikishuka chini ya 94 kwa mtu ambaye kawaida yake iko juu usikae nae, mwite daktari wa magonjwa ya mwili.

Na hapa pana ugomvi unaojirudia, wodi ya mwili inamkataa, inasema huyu ni wa akili atatusumbua, kaeni nae hukohuko. Mkubaliane kwa maandishi kabla, siku ambayo hakuna mgonjwa kitandani na hakuna aliyekasirika, kwamba oksijeni ikifika kiwango fulani au pumzi zikizidi idadi fulani anahamishwa bila mjadala, na nyinyi mtatoa nesi wa akili wa kwenda nae. Hiyo ahadi ya nesi ndo inayofungua mlango, nimeiona ikifanya kazi pale ambapo barua za wakubwa zilishindwa. Chanjo ikipatikana piganeni wagonjwa wenu wawe kwenye kundi la kwanza, na wachanjieni hapohapo wodini na siku ya sindano, msiwatume kwenye foleni nyingine.

Kliniki ya simu

Simu ya kawaida inatosha, msikwame kusubiri mfumo wa vidio wa gharama. Vidio ni nzuri kwa mgonjwa mpya au unayetaka kuona anavyokaa na anavyovaa, lakini sauti tu ya daktari anayemjua inabeba mengi. Anza kwa kuuliza uko wapi sasa hivi, kwa sababu simu ikikatika na alikuwa anaongelea kujiua lazima ujue unamtuma mtu wapi. Kisha uliza uko na nani hapo, unaweza kuongea? Kama nyumba ina mtu anayempiga au kumtisha hawezi kukujibu ukweli, kwa hiyo uliza maswali ya ndiyo na hapana, na mkubaliane neno moja la kawaida ambalo akilisema unajua hayuko salama kuongea na utapiga wakati mwingine.

Swali la kujiua liulizwe waziwazi hata kwa simu. Kuuliza hakumpi mtu wazo. Akikubali, usikate, mtu wa pili ofisini ampigie ndugu wakati wewe unaendelea kuongea. Andika kwenye faili kila simu kama ulivyoandika kliniki, na ambaye hakupokea mara tatu anahamia kwenye kundi la kufuatwa, haachwi na alama ya hakupatikana. Na acheni mlango mmoja wazi, siku zote, wa mtu kuja mwenyewe kwa miguu. Kuna asiyekuwa na simu, kuna anayeamini simu inamsikiliza, na hao mara nyingi ndo wagonjwa zaidi.

Dharura ya akili ikiwezekana isipitie kwenye mlango mmoja na wanaokohoa. Chumba pembeni chenye njia yake, nesi mzoefu wa kuchuja, na uwezo wa kupima joto, oksijeni na sukari hapohapo.

Tiba ya umeme (kupitisha umeme kidogo kwenye ubongo mgonjwa akiwa amelazwa usingizi) nayo isifutwe yote. Ni kweli kumpa mgonjwa pumzi kwa mfuko na barakoa kunarusha chembechembe hewani, kwa hiyo punguzeni watu chumbani, wekeni kichujio kwenye mfuko, apewe oksijeni ya kutosha kabla ili mfuko utumike kidogo, apimwe virusi kabla. Ila mtu aliyeganda hali wala hanywi, au mwenye sonona nzito anayetaka kufa leo, huyo tiba hii ni ya kuokoa maisha kama upasuaji wa dharura na anatakiwa kuhesabiwa hivyo.

Wagonjwa wa Korona wa wodi zingine na sisi wenyewe

Timu ya akili itaitwa sana kwenye wodi za Korona na ICU, mara nyingi kwa mtu anayechomoa mirija na kupiga kelele usiku. Ni deliriamu, yaani akili imevurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Kabla ya dawa muwekeeni saa ukutani, miwani yake, kifaa chake cha kusikia, taa izimwe usiku iwake mchana, sauti ya mwanae kwenye simu. Haloperidoli (dawa ya akili ya kutuliza) kidogo inaweza kusaidia, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipimwe kwanza kwa sababu dawa zingine anazotumia zinaweza kuwa zinavuruga moyo vilevile, na diazepamu na wenzake (dawa za usingizi) wabaki kwa anayetoka kwenye pombe. Familia ambayo haikuruhusiwa kuingia ipigiwe simu kila siku saa ileile, hata kama hakuna jipya, na mgonjwa akiwa anakata roho mtafute namna wamuage, hata mmoja wao aliyevalishwa mavazi kamili. Waliozuiwa kuaga ndo mnaokuja kuwapokea kliniki mwaka unaofuata.

Kwa wafanyakazi, gawaneni timu mbili zisizokutana ili moja ikiugua wodi isife. Zamu ziwe fupi, kuwe na mahali pa kula pasipo na mgonjwa, usafiri wa usiku, maji. Hivyo vinamsaidia nesi kuliko semina ya msongo wa mawazo. Na msiwalazimishe watu kukaa kwenye kikao kimoja baada ya kifo kusimulia kila kitu walichokiona, kulazimisha hivyo hakupendekezwi na wengine kunawaumiza zaidi. Afadhali mkuu wa zamu apite kwa kila mtu aulize umelala, umekula, nani yuko nyumbani kwako, na asikilize anayetaka kuongea. Anayeomba kutoka kwenye wodi ya virusi kwa wiki mbili apewe bila kuulizwa sababu mbele za watu.

Mkianza kurudi kwenye hali ya kawaida msirudishe vyote siku moja. Kutembelewa na ndugu kuwe kwa kwanza, nje, mmoja mmoja, kisha vikundi vya ndani, kisha kliniki ya benchi kama mtaihitaji tena, maana wagonjwa wengi wametuambia miadi ya saa maalumu wanaipenda kuliko kushinda pale tangu asubuhi. Na wale walioandikwa hawakupatikana, kabla hamjafunga faili lolote, mtu aende mpaka nyumbani akagonge.